Kisiwa Kinachofunga Barabara Zake: Ziara Katika Nchi ya Mbio za Pikipiki

UKIITAZAMA ramani ya Ulaya, kati ya Uingereza na Ireland utaona bahari, na katikati ya bahari hiyo utaona kipande kidogo cha nchi kavu. Hicho ndicho Kisiwa cha Man. Eneo lake ni kilomita za mraba 572, yaani kiasi cha theluthi moja ya Unguja, na wakazi wake ni kama 84,000 tu. Wengi wetu hatukupata kukisikia shuleni. Lakini kwa wapenzi wa mbio za pikipiki duniani kote, kisiwa hiki ni kama uwanja wa Wembley kwa wapenzi wa mpira.

Nilikwenda huko mwezi Septemba kumtembelea mdogo wangu, ambaye ni muuguzi kama mimi na anafanya kazi huko. Msimu wa mashindano ulikuwa umekwisha, barabara zimerudi mikononi mwa mabasi, matrekta na akina mama wanaopeleka watoto shule. Nami nilifurahi kuziona katika hali hiyo, kwa sababu ndiyo hali iliyonifundisha zaidi.

Huenda wewe mama msomaji utauliza, “Pikipiki zinatuhusu nini sisi?” Zinatuhusu sana. Ni familia gani leo isiyo na kijana anayeendesha pikipiki, au anayeiota usiku na mchana? Wengi wanapata riziki kwa bodaboda, na sisi wenyewe tunapanda tukiwa na watoto mapajani na kapu la sokoni mkononi. Chombo ambacho kimeingia nyumbani kwetu kiasi hicho, ni vema tukijue. Na hakuna mahali panapokieleza vizuri kama mahali ambapo kinakimbizwa mpaka ukomo wake.

Nchi ndogo yenye mambo yake

Kufika kisiwani tulipanda meli kutoka bandari ya Heysham, upande wa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Safari huchukua muda usiopungua saa tatu na nusu. Mji mkuu, Douglas, umejipanga kando ya ghuba yenye umbo la mwezi mchanga. Kando ya bahari hiyo kuna tramu zinazokokotwa na farasi tangu mwaka 1876, nazo hutembea majira ya joto. Tulimkuta farasi mmoja mkubwa akivuta behewa lililojaa watalii, wala hana haraka. Nikamwambia mdogo wangu, “Hii ndiyo nchi ya mbio unayoisifu?” Akacheka, akasema, “Dada, ngoja kwanza.”

Kisiwa cha Man si sehemu ya dola ya Uingereza, ingawa kiko chini ya himaya ya mfalme wake. Kina bunge lake liitwalo Tynwald, ambalo historia yake inarudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja. Akina mama tuna sababu ya kulikumbuka bunge hilo. Mwaka 1881 liliwapa haki ya kupiga kura wanawake wajane na wasioolewa waliokuwa na mali, miaka mingi kabla ya Uingereza. Walioolewa walisubiri mpaka mwaka 1919.

Alama ya kisiwa ni miguu mitatu iliyoungana pajani, kila mmoja umekunja goti kama unaokimbia. Utaiona kwenye bendera, kwenye sarafu na kwenye magari. Wito wake wa Kilatini maana yake ni kwamba, vyovyote utakavyokitupa, kitasimama. Maneno hayo yalinirudia mara nyingi nilipokuwa nikizunguka njia ya mbio, kwa maana si kila aliyeanguka pale alisimama tena.

Mbio zilivyoanza

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, sheria ya Uingereza ilikataza chombo cha moto kuzidi maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, na serikali haikukubali kufunga barabara kwa ajili ya mashindano. Watu wa Man, kwa kuwa wana bunge lao, walipitisha sheria yao mwaka 1904 ya kuruhusu barabara zifungwe. Magari yakatangulia. Tarehe 28 Mei 1907 zikaja pikipiki, katika shindano lililoitwa Tourist Trophy, ambalo watu hulifupisha na kuliita TT.

Siku hiyo walishindana waendeshaji 25 katika mizunguko kumi ya njia yenye urefu wa kilomita 25 hivi, karibu na kijiji cha St John's. Pikipiki za wakati ule zilifanana na baiskeli iliyofungwa injini, na pedeli ziliruhusiwa ili mtu ajisaidie kupanda vilima. Charlie Collier, aliyeendesha Matchless, alishinda kundi la injini ya silinda moja kwa mwendo wa wastani wa kilomita 61 na ushei kwa saa. Rem Fowler, kwa pikipiki ya Norton, alishinda kundi la silinda mbili.

Mwaka 1911 mbio zikahamishiwa njia ndefu inayopita mlimani, nayo ndiyo inayotumika mpaka sasa. Urefu wake ni kilomita 60.7. Mwaka huo huo, wakati wa mazoezi, kijana Victor Surridge alianguka karibu na Glen Helen akafa. Alikuwa mshindani wa kwanza kufa katika njia hiyo.

Mwaka 1949 yalipoanzishwa mashindano ya ubingwa wa dunia wa pikipiki, TT iliingizwa ndani yake, ikakaa humo mpaka mwaka 1976. Watu walikuja kutoka mbali, hata kutoka Afrika. Ray Amm, mtoto wa Salisbury, mji unaoitwa leo Harare, alishinda mbio kubwa ya Senior mwaka 1953 na tena 1954. Wajapani nao walikuja. Mwaka 1959 kampuni ya Honda, ambayo wakati huo watu wa Ulaya hawakuijua, ilileta pikipiki zake ndogo na kuondoka na tuzo ya timu. Baada ya miaka miwili tu, mwaka 1961, Mike Hailwood alishinda mbio mbili juu ya Honda. Jina tunalolisoma leo kwenye matangi ya pikipiki mitaani kwetu lilijulishwa Ulaya kwa njia hiyo.

Tunaizunguka njia

Siku ya pili mdogo wangu aliniweka kwenye gari lake dogo, tukaizunguka njia yote. Wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo sikuona kizunguzungu.

Tulianzia kwenye jukwaa kuu barabara ya Glencrutchery, Douglas. Ng'ambo ya barabara, nyuma ya ubao wa matokeo, ni makaburi ya mji. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kila mwendeshaji anayesubiri kuruhusiwa kuanza, hayo yapo upande wake wa pili.

Kutoka hapo barabara inateremka Bray Hill, katikati ya nyumba za watu. Sisi tuliteremka taratibu, tukasimama kumpisha mama aliyekuwa akisukuma kigari cha mtoto. Wakati wa mbio, mahali hapo hapo pikipiki hupita kwa mwendo unaokaribia kilomita 270 kwa saa, na ukuta wa bustani ya mtu uko hatua chache tu pembeni.

Tukafika Braddan, ambako uwanja wa kanisa la kale hugeuka jukwaa la watazamaji. Huwekwa viti, na wajitolea wa kanisa huuza chai na keki. Hapo nilijisikia niko nyumbani kabisa! Akina mama wa kanisa popote duniani wanajua kwamba penye watu wengi pana paa la kukarabatiwa.

Baada ya hapo njia hupita vijiji, madaraja ya mawe, na misitu yenye giza ambamo lami haikauki upesi. Kwenye daraja la Ballaugh pikipiki huruka kabisa, magurudumu yote mawili yakiacha ardhi. Kwenye barabara iliyonyooka ya Sulby zile kubwa hupita kilomita 320 kwa saa. Kisha ni mji wa Ramsey, na kutoka hapo njia inapanda mlima Snaefell mpaka zaidi ya mita 400 juu ya usawa wa bahari, mahali penye kondoo, upepo na ukungu. Ukungu ukishuka, mbio husimamishwa, kwa kuwa helikopta ya madaktari haiwezi kuruka. Kanuni hiyo niliiweka moyoni: pasipo namna ya kuokoa, hakuna kushindana.

Njia nzima ina kona zaidi ya 200. Sisi ilituchukua zaidi ya saa nzima, pamoja na kusimama kupiga picha. Mwaka 2023, Peter Hickman aliizunguka kwa dakika 16 na sekunde 36, kwa wastani wa kilomita 219 kwa saa. Hebu fikiri mtu anatoka Dar es Salaam kuelekea Bagamoyo, na kabla chai yako haijapoa anakaribia kufika.

Mchezo wenyewe ulivyo

Mbio za pikipiki ni za aina nyingi. Zipo za kiwanja maalumu cha lami, kama MotoGP tunazoziona kwenye televisheni, ambako wote huanza pamoja na pembeni mmeachwa nafasi pana ya kuangukia. Zipo za motokrosi, kwenye udongo na matuta, ambazo hata majirani zetu wa Kenya na Uganda wanazo, na huko watoto hushindana kwa pikipiki za umri wao. Zipo za masafa marefu jangwani. Na zipo hizi za barabara za kawaida, kongwe na za hatari kuliko nyingine.

Katika TT washindani hawaanzi kwa mkumbo. Huachiwa mmoja mmoja, kila baada ya sekunde kumi, na mshindi ni yule mwenye muda mfupi kuliko wote. Mbio ndefu ni za mizunguko sita, na baada ya kila mizunguko miwili mwendeshaji husimama kuongeza mafuta na kubadilishiwa tairi ikihitajika. Zipo pia mbio za pikipiki zenye kigari cha pembeni, ambamo mtu wa pili hujirusha huku na huku kwenye kona ili chombo kisipinduke.

Wiki ya kwanza ni ya mazoezi, na ya pili ndiyo ya mashindano. Barabara zikifungwa, zimefungwa kwa sheria, na hata mwenye nyumba haruhusiwi kutoa gari lake. Mdogo wangu alisema wauguzi wenye zamu huondoka nyumbani mapema kabla ya kufungwa. Nguzo za umeme na pembe za kuta hufungwa magodoro.

Kabla mshindani hajaingia barabarani, wakaguzi huipitia pikipiki yake, kisha humkagua yeye mwenyewe: kofia ngumu, suti nzima ya ngozi, glavu, buti na kinga ya mgongo. Kofia ikiwa na ufa, hata awe bingwa, haingii.

Wanawake nao wapo. Inge Stoll, Mjerumani, alishiriki mwaka 1954 akiwa mtu wa pili kwenye pikipiki ya kigari. Beryl Swain, Mwingereza, mwaka 1962 alikuwa mwanamke wa kwanza kushindana peke yake juu ya pikipiki, akamaliza wa 22 katika mbio za pikipiki ndogo. Baadaye alinyimwa leseni, kwa hoja kwamba mchezo ni wa hatari mno kwa mwanamke. Mwaka 2010 Jenny Tinmouth aliizunguka njia hiyo kwa wastani wa kilomita 193 kwa saa, akawa mwanamke mwenye kasi kuliko wote waliomtangulia.

Gharama yake

Sasa tuseme yale ambayo mama yeyote angeuliza kwanza. Tangu mwaka 1911 washindani zaidi ya 260 wamekufa katika njia ile, ukijumlisha mazoezi na mashindano ya Manx Grand Prix yanayofanyika humo humo. Katika mbio za mwaka 1972 alikufa Mwitaliano Gilberto Parlotti. Rafiki yake Giacomo Agostini, bingwa wa dunia aliyekuwa ameshinda pale mara kumi, alisema hatarudi tena, na hakurudi kushindana. Wengine wakamfuata, na baada ya mwaka 1976 TT ikaondolewa katika ubingwa wa dunia. Tangu hapo anayekwenda pale hatafuti pointi za ubingwa huo. Anakwenda kwa kupenda.

Mwaka 2022 walikufa washindani sita, miongoni mwao baba na mwanawe, Roger na Bradley Stockton, waliokuwa kwenye pikipiki moja yenye kigari. Niliposimuliwa habari hiyo nilinyamaza kitambo.

Watu wa kisiwa wamelijibu jambo hili kwa kujitolea. Mamia ya wasimamizi wa njiani, wenye bendera na vifaa vya huduma ya kwanza, husimama katika kila kona bila kulipwa mshahara, na pasipo idadi yao kutimia barabara hazifungwi na mbio hazianzi. Helikopta hukaa tayari na madaktari ndani. Baada ya mwendeshaji Rob Vine kufa mwaka 1985, ulianzishwa mfuko wenye jina lake ambao mpaka leo hununua vifaa vya kuokolea majeruhi.

Ng'ambo, katika Ireland, alikuwako Dakta John Hinds, bingwa wa dawa za usingizi, aliyefuata mbio za barabarani juu ya pikipiki yake mwenyewe ili amfikie majeruhi ndani ya dakika za kwanza. Aliitetea sana haja ya Ireland ya Kaskazini kuwa na helikopta ya wagonjwa. Mwezi Julai mwaka 2015 alianguka akiwa kazini katika mbio za Skerries, akafa. Mwaka 2017 helikopta aliyoipigania ikaanza kuruka.

Mtu wa Ballymoney

Juu mlimani, mahali paitwapo Bungalow, kuna sanamu ya shaba ya mtu aliyeketi juu ya pikipiki akiitazama barabara. Ni Joey Dunlop, mtu wa mji mdogo wa Ballymoney, Ireland ya Kaskazini. Kuanzia mwaka 1977 mpaka 2000 alishinda TT mara 26. Mwaka 1985, akisafiri kwenda mashindanoni kwa mashua ya wavuvi, mashua ilizama, yeye na wenzake wakaokolewa. Akafika kisiwani, akashinda mbio tatu.

Lakini si kwa ajili ya vikombe namkumbuka. Watu wanasimulia kwamba alikuwa mkimya, haya zilimshika mbele ya kamera. Ila kila alipopata nafasi wakati wa baridi, alijaza gari lake vyakula na nguo, akaliendesha peke yake mpaka Romania, Albania na Bosnia, kuwapelekea watoto yatima. Hakuambatana na waandishi wa habari. Mwaka 1996 alipewa nishani ya heshima kwa ajili ya kazi hiyo.

Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 48, alishinda tena mbio tatu za TT. Mwezi uliofuata, tarehe 2 Julai, aligonga miti akishindana kwenye mvua huko Tallinn, Estonia, akafariki. Aliacha mjane, Linda, na watoto watano. Watu wapatao 50,000 walikuja kumzika.

Yangeishia hapo yangetosha. Lakini mdogo wake Joey, Robert, naye alikuwa mwendeshaji, akafa katika mazoezi ya mbio za North West 200 mwezi Mei mwaka 2008. Siku mbili baadaye mwanawe Michael aliingia mbio zile zile akashinda. Mwaka 2018 ndugu yake Michael, William, akafa huko Skerries. Michael aliendelea, na mwaka 2024 akaipita rekodi ya baba yake mkubwa katika TT.

Nilisimama mbele ya sanamu ile na upepo ukipuliza, nikamfikiria mama ya Michael na William. Kamzika mume, kamzika mwana, na mwana mwingine bado anafunga kofia na kwenda. Wazungu huko wanasema huwezi kumtenga Dunlop na pikipiki. Mimi najua kwamba mama huyo naye anasikia mlio wa injini kama sisi tunavyosikia simu inayolia saa nane za usiku.

Je, ni vema?

Mkristo atauliza kama ni halali mtu kuihatarisha hivyo zawadi ya uhai. Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho alitumia mfano wa wapiga mbio, nao ni mfano wa kujinyima na kujizuia. Katika mbio hizi upo ujasiri, upo udugu, ipo kazi ya mikono iliyofanywa kwa uaminifu. Yapo pia makaburi. Hakuna kikombe ambacho ningekibadilisha na mtoto wangu, na hilo nalisema wazi.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kisiwa kile kilinionyesha, na ndilo lililonifanya niandike. Watu wanaoijua pikipiki kuliko wote duniani ndio wanaoiogopa kuliko wote. Kabla ya kuikimbiza wanafunga barabara, wanafunga kuta magodoro, wanamvika mtu ngozi toka shingoni hadi kisigino, wanaikagua kofia yake, wanaweka daktari angani, na ukungu ukija wanarudi nyumbani. Hayo yote wanamfanyia mtu aliyefanya mazoezi kwa miaka. Bado wengine wanakufa.

Sasa mtazame kijana wetu. Barabara haikufungwa. Mbele yake kuna lori, mbuzi na mtoto wa shule. Kavaa kandambili, na kofia kaitundika kwenye usukani ili aivae akimwona askari. Nyuma yake kuna abiria wawili na mtoto. Hakuna helikopta, kuna sisi wauguzi, na mara nyingi anatufikia nyuma ya gari la wazi, baada ya kubebwa na wasamaria wema kwa mikono na miguu. Ni nani kati ya hawa wawili anayecheza mchezo wa hatari?

Tuliyoyaleta nyumbani

Nina kijana wa miaka 20 ambaye aliomba nimletee picha za njia ile. Nilimletea, kisha tukakaa chini mimi, yeye na baba yake. Hatukumkataza kupenda pikipiki, maana ukikataza anaendesha ya rafiki yake, nawe hujui. Tulikubaliana mambo haya, nami nakushirikisha:

1. Kofia ngumu kwanza, pikipiki baadaye. Uchambuzi wa tafiti nyingi ulionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa takribani asilimia 42, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Iwe inamkaa sawasawa, na mkanda wa kidevuni ufungwe. Kofia iliyowahi kugonga chini kwa nguvu ibadilishwe, hata kama haionyeshi ufa.

2. Viatu vya kufunika mguu na suruali nzito. Wodini tunasafisha vidonda vya lami kwa siku nyingi, na maumivu yake hayasimuliki.

3. Ukaguzi kila asubuhi: breki, tairi, taa na mnyororo. Kama bingwa hukaguliwa, na yeye akaguliwe. Baba yake amekuwa mkaguzi.

4. Mvua ikinyesha au usingizi ukimshika, anasimama. Hakuna abiria wala pesa ya kumfanya aendelee.

5. Sisi wa nyumbani hatumpigii simu kumwuliza “Mbona hujafika?” tukijua yuko barabarani. Haraka nyingi za vijana zinaanzia kwetu.

Na siku ukikuta aliyeanguka, mama mwenzangu, zuia kwanza magari mengine yasije yakamkanyaga. Usimvute kwa mikono. Mwambie mtu akishike kichwa kisitikisike, gandamiza panapotoka damu kwa kitambaa safi, na usimvue kofia kwa pupa ikiwa anapumua vizuri. Ikibidi ivuliwe kwa sababu hapumui, wawe watu wawili, mmoja ashike shingo na mwingine aivute taratibu. Wale wajitolea wa kisiwani wengi wao si madaktari. Ni waalimu, wakulima na makarani waliofundishwa hayo machache, kisha wakakubali kusimama penye kona.

Katika jumuiya yetu ya akina mama tumeanza kufanya hivyo. Kila robo mwaka tunawaita vijana wa kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na kanisa, tunawapa chai na maandazi, tunawafundisha huduma ya kwanza, na tunaombea kofia zao pamoja na vichwa vilivyomo. Mara ya kwanza walikuja sita. Mara iliyopita maandazi hayakutosha.